MGENI NA JEMBE

Mintarafu ziara za wanafunzi katika vijiji vyetu vya mlimani
(Mazungumzo na viongozi wa walei, semina ya Haki na Amani, Moshi)



Tume ya Haki na Amani imeniomba nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mnaliona kuwa dogo, yaani ziara za wanafunzi wa ng'ambo katika vijiji vyetu. Kila mwaka, hasa kati ya mwezi Juni na Agosti shule zao zinapokuwa zimefungwa, makundi ya vijana kutoka Marekani, Uingereza, Kanada na kwingineko hushukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hulala Moshi mjini usiku mmoja au miwili, kisha huletwa huku juu migombani. Wengine huwa wamekwisha kuupanda Mlima; wengine wanasubiri kwenda mbugani kutazama wanyama. Katikati ya Mlima na wanyama hutengwa siku saba au kumi ambazo katika ratiba zao huitwa siku za kuihudumia jamii. Jamii hiyo, ndugu zangu, ni sisi.

Sikuja kuwasema vijana hao. Wengi wao wamelelewa vizuri, wamechangisha nauli kwa kuuza keki na kuosha magari, na siku ya kuagana hulia machozi ya kweli. Nimekuja kusema juu yetu sisi wenyeji, na hasa juu yetu sisi tunaotia sahihi barua za kuwakaribisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika parokia niliyoitumikia zamani, ilifika barua ya wakala wa safari akisema kwamba kundi la wanafunzi ishirini na wawili lingependa kutujengea darasa la chekechea, nao wangekuja na fedha za saruji, mabati na rangi. Niliijibu barua ile usiku uleule. Sikuiuliza Halmashauri ya Walei, sikuwauliza wazazi, sikumwuliza hata katekista. Nilijiona paroko hodari. Wageni wakafika, wakachanganya udongo na saruji, wakapanga matofali, na watoto wetu wakatolewa madarasani siku tatu mfululizo ili wawaimbie. Fundi wetu wa kigango, mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi, ambaye angelijenga darasa lile kwa majuma matatu na kupata karo ya mwanawe, alipewa kazi ya kuwaangalia wageni wasije wakajikata vidole. Darasa likakamilika, likapakwa rangi ya samawati, likachorwa ramani ya dunia ukutani. Halikupata mwalimu. Hakuna aliyekuwa ameuliza ni nani angemlipa. Kwa muda mrefu lilihifadhi mbao na viti vibovu vya kanisa.

Baadaye mama mmoja wa Jumuiya aliniambia, kwa heshima zote, "Baba Paroko, ungetuuliza, tungekuambia bomba." Watoto wa kitongoji kile walikuwa wakishuka korongoni kuteka maji kabla ya kwenda shule. Kila aliyeishi pale alilijua jambo hilo isipokuwa mimi na wale ishirini na wawili.

Nimekuja kufahamu kwamba hatukuwa peke yetu. Mwaka 2014 binti mmoja Mmarekani, Pippa Biddle, aliandika hadharani jinsi alivyokuja hapa Tanzania alipokuwa mwanafunzi wa sekondari, yeye na wenzake, kujenga maktaba katika kituo cha watoto yatima. Matofali waliyoyapanga mchana yalikuwa yamekaa vibaya kiasi kwamba usiku wanaume wenyeji waliyabomoa na kuyapanga upya, ili asubuhi wanafunzi wasitambue kwamba wameshindwa. Maandishi yale yalisomwa na watu wengi sana duniani, nao wengi walimshangaa binti yule na wenzake. Mimi nilipoyasoma niliwafikiria zaidi wanaume wale wa usiku. Walikuwa na adabu mno. Waliamka gizani kuilinda heshima ya wageni, na katika kufanya hivyo waliuficha ukweli ambao wageni walikuwa wamesafiri mbali kuja kujifunza. Adabu ya namna hii tunayo sana sisi watu wa huku, na nadhani ndiyo inayotuponza.

Wazee wetu walikuwa na neno juu ya ugeni, nanyi nyote mnalijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa utani, au kwa kumfukuza shemeji aliyekaa mno. Lakini litazameni vizuri. Jembe ni la mwenyeji. Shamba ni la mwenyeji, naye ndiye aonyeshaye mstari wa kuanzia. Mgeni anayepewa jembe hageuki kuwa bwana wa shamba, bali huingizwa katika nyumba, akawa chini ya mama wa nyumba ile kama watoto wengine. Sasa linganisheni na ziara hizi. Mgeni huja na jembe lake, huja na shamba alilolichagua katika ofisi ya mbali, huja na mpiga picha wake, nasi twasimama kando tukipiga makofi.

Bwana wetu alipowatuma wale sabini na wawili, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 10, aliwaagiza wasichukue mkoba wala mfuko wa fedha, bali wale watakachopewa na nyumba itakayowapokea. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Na katika Yohane sura ya 4, alipofika kisimani kwa wageni asiopatana nao, hakuanza kwa kutoa chochote. Alianza kwa kuomba maji. Yule mama Msamaria alikuwa na ndoo na kamba, Bwana hakuwa nayo. Nilipokuwa seminarini tulifundishwa sura hiyo kwa upande wa maji ya uzima, na ndivyo ipasavyo, lakini ile hatua ya kwanza tuliipita haraka.

Kanisa limelitafakari jambo hili tangu muda mrefu. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Tume ya Kipapa ya Haki na Amani iliundwa, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, Populorum Progressio, ambamo aliwasifu vijana wanaokwenda nchi za mbali kutumikia, lakini aliwaonya pia wataalamu wa kigeni wasijifanye mabwana, bali wawe wasaidizi na watenda kazi pamoja na wenyeji. Mwaka uliofuata, 1968, Ivan Illich, aliyekuwa bado padre wakati huo, alizungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kusaidia vijiji vya Mexico. Aliwaambia bila kuficha kwamba wanakaribishwa kuja kutazama, kusoma na kupanda milima, ila wasije kusaidia. Maneno yake yalikuwa makali, na mimi sikubaliani nayo yote. Aliona kwamba kijana asiyejua hata lugha ya mwenyeji hawezi kumsaidia, naye akaona mlango ufungwe. Mimi nasema mlango usifungwe, ila mwenyeji ndiye akae mlangoni.

Hapa kuna neno jingine linalonitatiza. Katika karatasi za baadhi ya safari hizi tunaitwa jamii asilia. Vijana huandaliwa kuja kuona kabila la kale linaloishi kama mababu. Nimeshuhudia mzee wetu, mwalimu mstaafu, akivikwa ngozi ya mbuzi na kupewa mkuki mbele ya kamera, kisha jioni akiivua na kuvaa koti lake kwenda kikao cha ushirika. Alilipwa, simlaumu. Lakini wageni wale hawakuambiwa habari za ushirika. Hawakuambiwa kwamba kahawa ililetwa huku na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 19, kwamba wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, mwaka 1925, na kwamba mwaka 1933 kilirithiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichouza kahawa yetu katika masoko ya dunia wakati ambapo babu za wageni hao pengine hawajasikia jina la Moshi. Fedha za kahawa zilijenga shule huku mlimani. Bei ya kahawa ilipoanguka, shule hizo zilitetereka, na vijana wetu wakahamia mijini. Mwanafunzi anayekunywa kahawa kila asubuhi kwao angefaidika kuyajua haya kuliko kumwona mwalimu mstaafu katika ngozi ya mbuzi.

Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, ulianzishwa mpango wa utalii wa utamaduni katika vijiji kadhaa vya kaskazini, Machame na Marangu vikiwamo. Wazo lake lilikuwa kwamba wenyeji wenyewe ndio wawaongoze wageni na kwamba sehemu ya malipo iende katika mfuko wa kijiji. Utekelezaji ni jambo jingine, nanyi mnayajua ya vijiji vyenu. Ninachotaka mkione ni kwamba si fikra mpya ninayoileta leo.

Niwaeleze sasa tukio moja lililonipa moyo. Kundi la wanafunzi kumi na wanne lilikuja kukaa majuma mawili, na safari hii tulikuwa tumejifunza kidogo. Tuliwagawa wawili wawili katika nyumba za wanajumuiya, wakalala humo na kula mtori na kiburu kama watu wengine. Ikatokea kwamba juma lile ulikuwa msaragambo wa kusafisha mfongo. Kwa vijana waliozaliwa mjini nieleze kwamba mifongo ni mifereji iliyochimbwa na mababu kuyaleta maji ya msituni hadi vihambani, na wasafiri wa kwanza wa Kizungu katika karne ya 19 waliikuta tayari ikifanya kazi, wakastaajabu. Kila mfongo una mzee wake na kanuni zake. Asiyefika kwenye msaragambo hutozwa faini.

Wageni walipewa majembe na kuonyeshwa sehemu yao. Siku ya kwanza walifika wote. Siku ya pili wanne walichelewa, kwa kuwa walikuwa wameshuka mjini kununua vitu vya ukumbusho, wakafika watu wanapomaliza. Mzee wa mfongo akawatoza faini. Kiongozi wao alinijia mbio, amefadhaika, akidhani kumetokea ugomvi. Mimi mwenyewe, nakiri, nilitaka kumwomba mzee awasamehe kwa kuwa ni wageni. Mzee akanijibu, "Padre, kama maji ni yao pia, faini ni yao pia. Kama ni watazamaji, basi wakae juu ya ukingo watazame." Wakalipa. Faini ilikuwa ni pombe ya mbege kwa waliofanya kazi, nasi tulikubaliana walipe kwa fedha, wala wasiinywe, kwa sababu ya umri wao. Kutoka siku ile hawakuitwa tena wageni pale kitongojini. Mmoja wao aliniandikia baada ya miaka mingi. Darasa lolote walilolipaka rangi hakulikumbuka, ila faini aliikumbuka hadi kiasi chake.

Sasa ndugu zangu, mnaweza kudhani kwamba tatizo hili ni la Wazungu tu. Laiti ingekuwa hivyo. Vijana wetu wenyewe wa sekondari, nikiwa mlezi wao, waliomba kufanya ziara ya mafunzo katika kijiji kimoja cha wafugaji wa Kimaasai huko tambarare, kusini mwa Moshi. Tulikusanya mitumba parokia nzima, magunia tisa. Tulikodi basi. Tulifika tukiwa na ngoma, magunia na simu za kupigia picha, na vijana wetu, watoto wa vihamba, wakaanza kuwapiga picha akina mama wa Kimaasai na shanga zao kwa namna ileile ambayo sisi hupigwa picha na migomba yetu. Niliiona, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mkuu wa msafara na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Tulipokelewa kwa maziwa. Magunia yakapokewa kwa shukrani. Kisha mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Watoto wangu, asanteni kwa nguo. Ninyi mnatoka kule maji yanakotoka. Je, mnajua yanaishia wapi?" Hakuna aliyejibu. Akatupeleka kwa miguu hadi kwenye mto, nao ulikuwa mchanga mtupu. Alituambia kwamba alipokuwa kijana ng'ombe walikunywa pale mwaka mzima.

Bibi zetu waliwafahamu watu hao kuliko sisi. Waliteremka masokoni na ndizi, wakarudi na magadi, ngozi na maziwa. Hapakuwa na mfadhili wala mfadhiliwa, kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine alikihitaji, na hata nyakati za vita kati ya wanaume, wanawake waliendelea kuuziana. Sisi tuliosoma tuliteremka na mitumba, huku maji ya watu wale yakibaki katika mabomba na mifongo yetu huku juu, na katika mashamba makubwa yaliyo katikati. Aliyenyimwa haki yake akipewa shati, bado anadai.

Vijana walirudi kimya ndani ya basi lile. Mwaka uliofuata waliomba kwenda tena, na safari hii hawakuchukua magunia. Walianza huku kwetu kwenye kinywa cha mfongo, wakayafuata maji kwa miguu siku mbili, wakiandika katika daftari kila mahali yanapochepushwa, na siku ya tatu wakalala kwa wenyeji wetu wale wa tambarare na kulisha mifugo pamoja na vijana wao. Taarifa yao waliisoma katika mkutano wa kijiji chetu. Wazee kadhaa waliondoka kwa hasira, wakisema kwamba parokia inafundisha watoto kuwasaliti wazazi. Lakini wengine walikaa, na jambo lile likafikishwa kwenye jumuiya ya watumia maji na kwa watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Halijamalizika. Maji ni machache, watu wameongezeka, na msitu umepungua. Hata hivyo vijana wa pande zote mbili sasa wanajuana kwa majina.

Kwa hiyo mnaponiuliza, kama Mwenyekiti alivyoniuliza asubuhi, iwapo tuyapokee makundi haya au tuyakatae, nasema tuyapokee, lakini sisi ndio tuonyeshe mstari. Kazi ichaguliwe na wale watakaoishi nayo, kabla ya barua kujibiwa. Pakiwa na ujenzi, mafundi wetu wajenge na walipwe, na mgeni akitaka kubeba matofali ambebee fundi. Mtoto asitolewe darasani kwa ajili ya mgeni yeyote. Hesabu za fedha zilizoletwa zisomwe kanisani, shilingi kwa shilingi, kama zinavyosomwa za zaka, maana penye giza katika fedha za wageni ndipo ugomvi wa viongozi wetu huanzia, nami sitataja vigango. Viongozi wa makundi wakumbushwe pia kwamba viza ya matembezi si kibali cha kufanya kazi, hata ile ya kujitolea. Msimfiche mgeni kwa maafisa wa uhamiaji kwa kisingizio cha ukarimu.

Juu ya vituo vya watoto nitakuwa mkali zaidi. Watoto wengi wanaoitwa yatima katika vituo vya namna hiyo wana mzazi aliye hai au ndugu, na waliletwa kwa sababu ya umaskini. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila majuma mawili, kisha akaachwa, anafundishwa kwamba kila anayempenda huondoka. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Parokia isipeleke kundi lolote la wanafunzi kutembelea watoto hao. Mwenye huruma na yatima amtafute shangazi yake au bibi yake anayemlea, amsaidie huyo.

Na lipo jambo moja ambalo sijui dawa yake. Wanafunzi wao huja kwetu kwa viza inayopatikana kwa urahisi. Tulipojaribu kuwapeleka vijana wetu wanne kwao, kwa mwaliko wa shule yao, nauli ikiwa imekwisha kulipwa, walinyimwa viza wote wanne. Familia zile za ng'ambo zilishangaa sana. Niliwaandikia kwamba wakitaka kutusaidia, wachukue kalamu na kumwandikia mbunge wao juu ya viza hizo na juu ya bei ya kahawa. Baadhi waliandika.

Barua ya kundi la mwezi Julai ninayo hapa mezani. Inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, na mahali pa kutaja kazi wameacha nafasi tupu, jambo ambalo nawashukuru. Nimeitolea nakala, kila kigango kichukue yake. Jumuiya zikutane juma hili, akina mama waulizwe kwanza, na majibu yaletwe kwa maandishi Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, Halmashauri itakapokaa.